Ombi Lako Limeshughulikiwa

Nilistaafu ualimu wa Kiswahili nikiwa na dharau moja niliyoitunza kwa miaka mingi: dharau kwa watu wanaoandika sentensi ndefu ili wasiulizwe wamesema nini. Nilidhani nimeiacha shuleni pamoja na chaki. Miezi michache baadaye nikaajiriwa na watu wa aina hiyo hiyo niwe mhariri wao wa lugha, hapa hapa Songea. Cha aibu zaidi ni kwamba mwanzoni niliwasaidia.

Ofisi ilikuwa mtaa wa Mfaranyaki, juu ya duka la rangi na mabati. Ukipanda ngazi, harufu ya rangi inakufuata mpaka mlangoni. Ulikuwa mradi wa mashine za kupukuchua mahindi. Mashine zilikuwa tatu, zikivutwa na trekta kutoka kijiji hadi kijiji, na mkulima aliyeitaka mashine alijiandikisha zamu, akasubiri siku yake. Zamani alipiga simu, akajibiwa na mtu, na mtu huyo akaandika kwenye daftari. Hilo likaonekana ni jambo la kizamani. Ikaletwa akili mnemba: mkulima anatuma ujumbe kwa maneno yake mwenyewe, wa maandishi au wa sauti, na programu inausoma, inaamua la kufanya, inalifanya.

Meneja aliiita programu hiyo "wakala". Alilipenda neno hilo kwa sababu alilikuta kwenye nyaraka za wakubwa. Hakufikiria kwamba kwa mtu wa Songea wakala ni yule anayekaa kibandani na simu mbili, unayekwenda kwake kutoa na kuweka pesa. Wiki ya kwanza nusu ya ujumbe ulioingia ulikuwa wa watu wanaouliza kama wakala wetu yuko wazi Jumapili. Meneja alitoa waraka wa ufafanuzi, kurasa mbili. Sijui mtu aliyeusoma zaidi yangu, na mimi nililipwa kuusoma.

Nilielezwa mambo yanavyokwenda na fundi wa programu, binti wa miaka kama thelathini kutoka Kanda ya Ziwa, mpole, msema kidogo. Aliniamkia, akanivutia kiti mbele ya kompyuta yake.

"Huyu wakala, Mwalimu, peke yake hana mikono," aliniambia. "Anajua kusoma na kujibu tu. Akitaka kufanya kitu, lazima atumie zana niliyompa. Kuna zana ya kuandikisha zamu, ya kusogeza, ya kufuta, na ya kumpelekea dereva safari. Sasa yeye haoni ndani ya zana. Anasoma maelezo tunayoandika pembeni yake, kisha anachagua."

"Kwa hiyo maelezo ndiyo macho yake."

"Ndiyo hayo tu aliyonayo."

Nafasi za maelezo hayo alikuwa ameziacha tupu, kwa sababu alisema Kiswahili cha kuandika kinamshinda. Hapo meneja akajitolea. Alikuwa mtu nadhifu, aliyehamia kutoka mkoa mwingine, mwenye shahada mbili na kalamu ya wino. Hakuwahi kusema "leo" kama angeweza kusema "siku ya leo". Kwake mvua hainyeshi. Kunakuwa na hali ya unyeshaji. Aliyaandika maelezo ya zana usiku kucha kwa majivuno kama mtu anayeandika hotuba ya harusi, na asubuhi akaniletea niyapitie. Haya hapa matatu ya kwanza, neno kwa neno:

"Zana hii inahusika na usimamizi wa masuala yote inayohusu zamu za wadau."

"Zana hii inawezesha kushughulikia zamu za wadau kwa ufanisi na weledi."

"Zana hii ni mahususi kwa ajili ya uratibu wa mabadiliko ya zamu kwa wadau husika."

Ya kwanza inaandikisha mkulima. Ya pili inamfuta kabisa kwenye foleni. Ya tatu inasogeza tarehe. Sitamlaumu mtu akinirudia kuniuliza ipi ni ipi.

Na mimi nilifanya nini? Nilichukua kalamu nyekundu. Katika sentensi ya kwanza nikakata "inayohusu", nikaandika "yanayohusu", kwa sababu masuala ni ya ngeli ya LI-YA. Nikaridhika kabisa. Nilipatanisha ngeli katika sentensi zisizosema kitu, nikaweka sahihi yangu chini, nikaenda kula.

Yule binti aliyasoma mara mbili kabla ya kuyaingiza. "Mwalimu," aliniuliza kwa sauti ya chini, "hizi zinatofautiana?"

"Muktadha utaonyesha," nikamjibu.

Miaka thelathini nilikuwa nawakata alama wanafunzi walionijibu hivyo.

Siku ya uzinduzi walikuja wageni wenye vitambulisho shingoni. Meneja alisimama mbele yao na simu yake, akatamka polepole: "Naomba kuandikishwa zamu ya mashine ya kupukuchua mahindi." Wakala akamwandikisha. Watu wakapiga makofi. Katika chumba kile chote hakuna aliyefikiria kujaribu sentensi ambayo mkulima angeisema kweli, akiwa amesimama kwenye matope, simu ikiwa na chaji kidogo. Sote tulijaribu mfumo kwa Kiswahili cha meneja, na Kiswahili cha meneja kilielewana vizuri na Kiswahili cha meneja.

Msimu ukaanza. Makosa ya mwanzo yalikuwa madogo, tukayacheka. Kwenye zana ya kumpelekea dereva safari kulikuwa na nafasi ya kujaza iliyoitwa "eneo", na maelezo yake yalisema tu "eneo la mdau". Wakala alijaza alichosikia. Dereva wa trekta akapelekewa safari zilizoandikwa: Eneo, nyumbani. Eneo, kule kule kwa mwaka jana. Eneo, shambani. Alitupigia simu akiwa amesimamisha trekta kando ya barabara.

"Nyumbani kwa nani?" aliuliza.

Meneja alikata simu, akatuambia dereva huyo hana weledi. Neno weledi alikuwa akilitumia kwa kila mtu ambaye hakumwelewa.

Kosa lililotuondolea kicheko lilitokea mwishoni mwa msimu, wingu la mvua za kwanza likiwa limeshaanza kujikusanya upande wa milimani. Mama mmoja wa Madaba, mjane, mkulima wa siku zote, alikuwa ameandikishwa mashine siku ya Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo akafiwa na dada yake. Akatuma ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka, kwa hiyo naukumbuka vizuri:

"Habari za hapo. Mimi ni yule wa Madaba, wa mashine ya Alhamisi. Nimefiwa na dada yangu, na tunazika hiyo Alhamisi yenyewe. Naomba hiyo ya Alhamisi mwiondoe, mniweke wiki ijayo siku kama hiyo. Asanteni."

Akajibiwa baada ya muda mfupi: "Ombi lako limeshughulikiwa. Tunakushukuru kwa kuendelea kuwa mdau wetu."

Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kuhoji maneno mazuri. Aliamini, akazika, akakaa matanga, akarudi kwake. Jumatano ya wiki iliyofuata yeye na wakwe zake wakayashusha mahindi kutoka kichanjani, wakayarundika uani juu ya turubai ili mashine ikifika isisubiri. Alhamisi ikapita. Ijumaa akatuma ujumbe kuuliza, akajibiwa kwamba hana zamu yoyote kwenye mfumo, na kama angependa kujiandikisha. Akajiandikisha. Akapewa siku iliyokuwa mbali karibu mwezi mzima, maana msimu ulikuwa unaisha na foleni ilikuwa ndefu. Jioni hiyo hiyo mvua ikashuka, ikanyesha siku mbili. Waliyakimbiza ndani waliyoweza. Yaliyokuwa chini ya rundo yalikaa kwenye maji.

Sisi hatukujua lolote. Kwenye taarifa ya wiki, ombi lake lilihesabiwa kati ya maombi yaliyofanikiwa.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi. Nilisikia hatua nzito kwenye ngazi, kisha akatokea mama mwenye umri wa kunizidi kidogo, kitenge cheusi cha msiba begani, kiroba mkononi. Alikuwa amepanda basi la alfajiri, akateremka stendi, akachukua bodaboda mpaka kwetu.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Ni hapa mnaposhughulikia?"

Nilimjibu kwamba ni hapa. Sikujua alichokuwa anauliza. Nilimpeleka kwa meneja kwa sababu wageni wote walipelekwa kwa meneja. Hakukaa. Alifungua kiroba, akatoa hindi moja, akaliweka mezani. Akatoa la pili, la tatu, mpaka yakawa sita, yamepangwa vizuri juu ya makaratasi ya meneja. Yalikuwa na ukungu wa kijani kati ya punje, na mengine yameanza kuota. Chumba kikajaa harufu ya uchachu.

"Niliambiwa limeshughulikiwa," alisema. "Nimekuja kuwaonyesha lilivyo."

Akasimulia yote, bila kupandisha sauti. Meneja alimsikiliza huku akiondoa karatasi zake moja moja kutoka chini ya mahindi.

"Pole sana, mama yangu," alisema mwishowe. "Ila lazima ieleweke kuwa mfumo hufanya kazi kwa mujibu wa maelekezo unayopokea. Inawezekana ujumbe wako haukuwa bayana."

"Nilisema nimefiwa. Nilisema mniweke wiki ijayo. Kipi hakikuwa bayana?"

Meneja akasema suala hilo litafanyiwa kazi. Nadhani angetoka nalo hivyo hivyo, kama kawaida yake, lakini yule binti alikuwa ameingia na kompyuta yake mikononi, ameshaitafuta kumbukumbu ya siku ile. Aliiweka mezani kando ya mahindi, akabonyeza. Sauti ya mama ikasikika, na nyuma yake vilio vya msibani. Mama mwenyewe aliinamisha kichwa. Kisha binti akatuonyesha kile wakala alichokiandika kabla ya kutenda, maana huandika anachokusudia: kwamba mkulima anataka zamu ya Alhamisi iondolewe, kwamba zana ya pili inashughulikia zamu, kwamba ataitumia hiyo.

"Amesoma tulichoandika," binti alisema. "Hakukosea kusoma."

"Mliandika nini?" mama akauliza.

"Haya ni mambo ya kitaalamu, mama," meneja akamwambia.

Sijui kilichonisukuma. Labda ni ile sahihi yangu. Niliivuta kompyuta, nikamsomea: "Zana hii inawezesha kushughulikia zamu za wadau kwa ufanisi na weledi."

Alingoja kama mtu anayengoja sentensi iishe.

"Inafanya nini hiyo?" aliuliza.

"Inamtoa mtu kwenye foleni, mama."

"Mbona haijasema?"

Aliniangalia mimi, si meneja, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

"Mimi nikisafiri," alisema, "nikamwachia jirani nyumba, nikamwambia anishughulikie kuku wangu. Nikirudi nikakuta amewachinja wote, nimlaumu yeye?"

Meneja alicheka kidogo, kwa adabu, akitumaini kwamba ni utani. Haukuwa utani. Alimfungulia kabati, akampa kofia na fulana za mradi zenye maandishi mgongoni, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Kuomba radhi hakuomba. Nilikaa pale tangu mwanzo hadi mwisho na naweza kuapa.

Alasiri ile aliitisha kikao. Ufumbuzi wake ulikuwa tayari: kuwaelimisha wakulima. Yachapwe mabango yenye kichwa cha maneno "Zungumza na Wakala kwa Usahihi", na chini yake misemo sahihi ya kutumia. Anayetaka kusogeza tarehe aseme "naomba kuahirisha". Asiseme "niondoe", asiseme "nitoe", asiseme "mashine isije kwanza". Yaani mtu aliyeko msibani aingie kwanza ofisi ya kijiji, asome bango, achague kitenzi, ndipo alie. Mabango yalichapwa kwa rangi nne. Nimeyaona vijijini. Moja limeziba dirisha lililopasuka, na hapo angalau linazuia upepo.

Jumamosi mimi na yule binti tulikwenda Madaba. Hakuna aliyetutuma. Tulimkuta mama uani, na mahindi yameanikwa kila mahali: juu ya turubai, juu ya mikeka, juu ya mawe. Hakushangaa kutuona wala hakufurahi sana. Alitupa vigoda.

"Yenye ukungu hata punje moja, wekeni huku," alituambia, akituonyesha kwa mkono. "Hayo hata nguruwe simpi. Yaliyolowa lakini safi, pale juani. Makavu, ndani kwenye mkeka. Ukiwa na shaka usijiamulie, niite."

Tukachambua mpaka mchana. Baridi ya Madaba ilikuwa bado haijatoka mifupani na vidole vyangu vilikuwa vizito. Niliona fulana ya mradi ikitumika kufutia vumbi. Nilikuwa na hindi mkononi nisilojua ni la wapi, nikamwita, akaja, akalitazama, akalitupa kwenye ukungu, akarudi jikoni. Hapo nikaanza kujichukia kwa utulivu. Nilifundisha ufahamu, ufupisho na insha miaka thelathini, na hata siku moja sikumtaka mwanafunzi aandike sentensi ambayo mwenzake angeinuka akaifuata asiharibu kitu. Nilitoa alama za juu kwa tashbihi. Mama huyu alitoa maelekezo kwa pumzi moja, na ndani yake mlikuwa na la kufanya, la kutofanya, sababu, na nini kifanyike mtu asipojua.

Rundo la ukungu lilikuwa karibu theluthi ya mavuno yake. Alilichimbia shimo nyuma ya nyumba, watu wasije wakalipika au kulitengenezea pombe, kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Tulimsaidia kufukia. Tulipomaliza aliniambia, "Basi, Mwalimu. Kaandikeni vizuri."

Jumatatu nikaomba maelezo yote ya zana niyaandike upya. Meneja alikuwa safarini kwenye warsha, kwa hiyo hapakuwa na wa kutukataza.

Toleo langu la kwanza lilikuwa la kipuuzi kwa namna nyingine. Nilijitutumua. Kwa kila zana niliandika ukurasa mzima: historia ya zamu, tahadhari kumi na mbili, mifano, na aya moja juu ya heshima kwa mkulima. Wakala aliyasoma yote kwa utiifu, akageuka kuwa karani wa mapokezi mwenye gubu. Mkulima akiomba zamu alikuwa anaulizwa kijiji, kitongoji, ukubwa wa shamba, sababu, na kama ana uhakika. Mwanamume mmoja alijibu: "Ninyi mnataka kupukuchua mahindi au mnataka kunioza binti yenu?" Binti alinisomea ujumbe huo bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Mwalimu," alisema, "hapa umeandika maneno mengi, lakini tofauti ya kusogeza na kufuta iko aya ya nne."

Tukaanza tena, kwa namna yake yeye. Alikusanya ujumbe halisi wa wakulima, akaondoa majina na namba za simu, akawa anampa wakala mmoja mmoja na kuangalia anachagua zana ipi. Akikosea, hatukuruhusiwa kusema mkulima hakueleweka. Hiyo ilikuwa sheria yake, na kwa mtu msema kidogo aliisimamia kama askari. Tulirudi kwenye maelezo, tukatafuta neno lililompotosha.

Nilijifunza Kiswahili cha mkoa wangu mwenyewe nikiwa na miaka sitini. "Nitoe Alhamisi" kwa watu wengi wa huku maana yake ni nisogeze. "Mashine isije kwanza" ni nisogeze. "Basi, nimeshapukuchua kwa mkono" ndiyo nifute. "Mwacheni huyo, mje kwangu" hakuna aliyejua, na tukaandika kwamba hapo wakala aulize. Majina ya zana nayo tukayabadilisha, maana binti alikiri kuwa ameziita zamu, zamu mbili na zamu mpya. Zikawa andikisha zamu, sogeza zamu, futa zamu. Ile nafasi ya "eneo" ikawa "kijiji", na tukaandika: jina la kijiji ambako mashine itasimama; kama mkulima hajalitaja, muulize, usikisie.

Maelezo ya zana iliyomponza mama wa Madaba yakawa hivi:

"Inamtoa mkulima kwenye foleni moja kwa moja, nafasi yake anapewa mwingine na hairudi. Itumie pale tu mkulima aliposema hahitaji tena mashine msimu huu. Kama anataka siku nyingine, hata akisema 'niondoe' au 'nitoe', usiitumie. Tumia sogeza zamu. Kabla ya kufuta, mwambie mkulima kitakachotokea na usubiri akubali."

Hayana uzuri wowote. Ukiyasoma jukwaani watu wataondoka. Tulifuta pia lile jibu la kwamba ombi limeshughulikiwa. Wakala akaagizwa ataje siku ya zamani, siku mpya na kijiji. Tukapitisha ujumbe wote tena, na wakala akachagua vizuri isipokuwa mara mbili, na mara hizo mbili hata mimi na binti tulibishana.

Meneja aliporudi aliyasoma akiwa amesimama. Alikunja uso kama mtu aliyekuta nguo za ndani zimeanikwa sebuleni.

"Mwalimu, mimi nilikuajiri uipe lugha hadhi," alisema. "Wafadhili watakapoona hivi watadhani tuko sokoni."

"Wakulima wako sokoni," nikamwambia.

"Lugha ya mradi lazima iwe na mawanda."

Nilimwambia mawanda ndiyo yaliyoozesha mahindi ya Madaba. Hatukusalimiana siku mbili. Siku ya tatu aliingia kimya kimya kwenye mfumo, na mwisho wa maelezo ya futa zamu akaongeza maneno yake matano: "na masuala mengine yanayofanana nayo". Aliona yanapendeza. Kabla ya saa sita mchana wakulima wawili walikuwa wameulizwa kama wanakubali kufutwa. Mmoja alikuwa ametuma ujumbe kuuliza tu kama mashine ni ya dizeli. Kwa bahati wote wawili walikataa, kwa sababu safari hii waliambiwa kwa lugha ya kawaida kitakachotokea.

Yule binti hakugombana. Aliyaondoa maneno, kisha akaweka kizuizi: maelezo ya zana hayabadiliki mpaka ujumbe wote wa majaribio upitishwe na wakala achague sawasawa. Meneja alijaribu mara tatu kurudisha mapambo yake, na mara tatu mfumo ukamkatalia. Alilalamika kwamba amefungiwa nje ya mradi wake mwenyewe. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake sentensi yake kuambiwa ithibitishe inafanya nini, na ikashindwa.

Watu wa aina yake hawaanguki. Alihamishiwa makao makuu, juu zaidi, ambako anaandika miongozo ya mikoa yote. Tulimfanyia hafla, akazungumza dakika arobaini, na dereva wa trekta, aliyekaa jirani yangu, aliniuliza mwishoni kama bwana huyu anaondoka au anabaki.

Mimi nilibaki. Kila zana mpya inapoongezwa, naandika maelezo, binti ananiuliza hili neno lina kazi gani, na mara nyingi nalifuta. Nimekuwa mtu wa kuchosha. Siwezi kusoma tangazo la ofisi bila kutafuta nani atafanya nini, na kanisani mdogo wangu amenikataza kukaa karibu naye wakati wa matangazo kwa sababu naguna.

Msimu uliofuata mama wa Madaba alijiandikisha, akasogeza tarehe mara moja kwa sababu ya ubatizo, na mashine ikafika siku aliyoambiwa. Nilimfuatilia kwenye mfumo bila kumwambia. Siku mbili baadaye alinipigia. Nilijiandaa kupokea shukrani, nakiri.

"Mwalimu, mashine yenu inavunja punje," alisema. "Gunia zima nusu ni chenga. Nani anaiangalia hiyo?"

Nilimwuliza ilikuwa mashine ipi kati ya tatu. Akanieleza rangi yake, sauti yake, na upande ambao punje zilizovunjika zilikuwa zinatokea. Niliandika yote kama alivyoyasema, nikampelekea fundi wa mashine, na fundi huyo akaenda moja kwa moja kwenye chujio lililopinda.